Afrika nyekundu kwenye ramani ya hewa ukaa: je, ni sisi?

*"Ninafundisha jiografia kidato cha tatu. Mwanafunzi mmoja aliniletea kwenye simu ramani ya satelaiti ya NASA inayoonyesha hewa ukaa (kaboni dioksaidi) duniani, Oktoba na Novemba 2014. Kusini mwa Afrika, kaskazini mwa Australia na mashariki mwa Brazili kote nyekundu. Ulaya na Marekani rangi imepoa. Darasa likagawanyika: wapo waliosema ni mkaa na moto wa porini, wapo waliosema ni volkano zetu, na mmoja akasema tunasingiziwa, maana viwanda viko kwao, haviko kwetu. Sikuwa na jibu la uhakika. Nimenunua kipimo kidogo cha hewa hiyo. Uani alfajiri kinasoma 490, mchana 425. Darasani wakiwa wanafunzi 60 kinapita 1,500. Jikoni kwetu, jiko la mkaa likiwaka, kinafika 1,100, na mke wangu huumwa kichwa akipika humo. Je, hewa ukaa ya huku kwetu inapanda kuliko ya kwingine, na sababu ni sisi?"*

Mwalimu, naanza na maumivu ya kichwa ya mkeo, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri habari za satelaiti. Kichwa cha mama hakiletwi na hiyo 1,100. Darasani kwako namba ni kubwa zaidi, na watoto wanachopata ni usingizi tu. Mkaa unapowaka ndani hutoa pia kaboni monoksaidi, gesi nyingine kabisa, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Kipimo chako hakiioni hata kidogo. Hata kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni hospitalini kinaweza kuonyesha kwamba mtu yuko salama ilhali gesi hiyo imeshamwingia, kwa sababu hakijui kuzitofautisha. Wengi huamini kwamba mkaa ukishakolea na moshi kuisha hauna madhara tena. Si kweli. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kuitoa gesi hiyo mpaka yazimike. Jiko litoke nje au liende barazani leo, na lisiingizwe chumbani usiku hata kama kuna baridi kiasi gani. Akipata kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa, atoke kwanza kwenye hewa safi, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na amwambie mganga waziwazi kwamba amekuwa akipika kwa mkaa ndani. Kama ni mjamzito, asingoje dalili.

Sasa turudi kwenye ramani. Kwa maelezo yako ni ile ya kwanza kabisa kutoka satelaiti ya OCO-2, iliyorushwa Julai 2014. Ilitokana na vipimo vya tarehe 1 Oktoba hadi 11 Novemba mwaka huo. Ni ramani ya kweli, na mwanafunzi aliyeona kuwa tunasingiziwa anastahili kujibiwa kwa hoja, asinyamazishwe, kwa sababu rangi zake zinaweza kumpotosha mtu yeyote. Mtazame pamoja ule mstari wa vipimo chini ya ramani. Unaanzia karibu 387 na kuishia karibu 402, yaani molekuli za hewa ukaa katika kila molekuli milioni moja za hewa, namba za aina ileile inayosomwa na kifaa chako. Tofauti kati ya pahali palipopoa kabisa na pahali pekundu kabisa haifiki asilimia 4. Mchoraji ametandaza rangi zote za upinde wa mvua ndani ya nafasi hiyo finyu ili jicho lione kitu. Mstari huohuo ungeanzia sifuri, dunia yote ingekuwa na rangi moja na hakuna ambaye angekutumia picha hiyo.

Tofauti yenyewe ni ndogo, lakini ipo. Imetoka wapi?

Jambo la kwanza ni msimu, na mara nyingi ndilo linalosahaulika. Sehemu kubwa ya nchi kavu na misitu ya dunia iko kaskazini mwa ikweta. Kuanzia Mei hadi Septemba misitu ya Siberia, Kanada na Ulaya pamoja na mashamba ya huko humeza hewa ukaa kwa usanisinuru, na kiwango cha kizio kizima cha kaskazini, yaani nusu ya dunia iliyo juu ya ikweta, hushuka. Majira ya baridi majani hupukutika, yanaoza, na kiwango hupanda tena. Kule Barrow, Alaska, kupanda na kushuka huko hufikia zaidi ya 15 kwa milioni ndani ya mwaka mmoja. Mauna Loa, Hawaii, ambako mwanasayansi Charles David Keeling alianza kupima mwaka 1958, ni kama 6 au 7. Ncha ya Kusini ni kama 1 tu. Kwa hiyo ramani ya Oktoba imepigwa wakati kaskazini imetoka tu kwenye mavuno yake, hewa yake ikiwa bado imepungukiwa hewa ukaa, viwanda vyake vyote vikiwa vinaendelea kufanya kazi. Ukitafuta ramani ya Aprili au Mei utaona wekundu umehamia kaskazini.

Ongeza upepo. Hewa ya kizio kimoja huchanganyika kuizunguka dunia kwa wiki chache tu, lakini kuvuka ikweta kwenda kizio cha pili huchukua takriban mwaka. Ndiyo maana moshi wa bomba la kiwanda cha Ujerumani haukai Ujerumani ukisubiri kupigwa picha. Satelaiti yenyewe nayo hupima wastani wa hewa yote kuanzia ardhini hadi juu kabisa, kwa kuangalia mwanga wa jua uliogonga ardhi na kurudi. Inachokiona juu ya Zambia leo ni mchanganyiko wa kilichotoka Zambia, kilichopita Zambia, na kilichobaki angani tangu enzi za mababu.

Jambo la pili ni moto, na hapa wanafunzi wako wa mkaa na moto wa porini walikuwa wamekaribia. NASA wenyewe, walipoitoa ramani hiyo, walisema wekundu wa kusini mwa Afrika umetokana zaidi na kuungua kwa mbuga na misitu. Karibu asilimia 70 ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika, na kusini mwa ikweta msimu wa moto huanza kama Juni na kumalizika mvua zinapokaribia, Oktoba na Novemba. Angola, Zambia, kusini mwa Kongo, Msumbiji, na kwetu kuanzia Katavi hadi Ruvuma, ni ukanda mmoja wa miombo na nyasi unaoungua karibu kila mwaka.

Lakini hapa ndipo ninapoomba darasa lipunguze kasi. Kuna tofauti kati ya hewa ukaa iliyotoka na hewa ukaa iliyoongezeka. Ukichungulia droo ya muuza duka jioni ukaikuta imejaa noti, huwezi kusema amepata faida. Huenda asubuhi alitoa zaidi kununua mzigo. Nyasi iliyoungua Septemba ilikuwa imeivuta hewa ukaa hiyohiyo kutoka angani mvua ya mwaka uliopita, na ikiota tena Desemba itaivuta upya. Kwa hesabu ya mwaka mzima, moto wa nyasi unakaribia sifuri. Unachangia pale tu kitu kisichorudi kinapoungua: msitu uliofyekwa ukawa shamba, au miche inayouawa na moto mkali wa mwisho wa kiangazi kabla haijapata unene wa kustahimili.

Mkaa nao ni vivyo hivyo. Miombo ina sifa moja nzuri ambayo wachomaji wa zamani wanaijua kuliko sisi wa maabara: ukikata mti, kisiki huchipua. Eneo lililokatwa likaachwa litarudisha sehemu kubwa ya kaboni yake baada ya miongo michache. Eneo lililokatwa, likapandwa ufuta au mahindi, halirudishi, na zaidi ya hapo udongo uliofunuliwa huanza kupoteza kaboni yake pole pole. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mkaa unaongeza hewa ukaa, namuuliza kwanza: pale palipokatwa pana nini sasa?

Udongo huo ndio unaonipeleka kwenye sehemu ngumu ya swali lako. Mwaka 2015 na 2016 kulikuwa na El Niño kali, na kwa bahati nzuri OCO-2 ilikuwa tayari angani. Watafiti walipolinganisha kipindi hicho na mwaka 2011 waliona nchi kavu za tropiki zimetoa takriban tani bilioni 2.5 za kaboni zaidi. Kilichowashangaza ni kwamba kila bara lilikuwa na sababu yake. Amerika ya Kusini ukame uliifanya miti ipunguze usanisinuru, ikameza kidogo. Indonesia na jirani zake, misitu na ardhi ya mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana bila kuoza kabisa, viliungua. Afrika mvua haikupungua sana kwa ujumla, ila joto lilipanda, na vijidudu vya udongoni vikaozesha majani na mizizi kwa kasi zaidi. Hewa ukaa hiyo ya udongoni haina moshi wala mwali, na huwezi kumkamata mtu na kiberiti ukasema ndiye. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa kuliko yote katika habari hii: wekundu wa aina moja kwenye ramani, katika maeneo matatu, umeletwa na mambo matatu tofauti.

Kisha mwaka 2019 kundi la Paul Palmer wa Chuo Kikuu cha Edinburgh likatoa hesabu iliyozua mjadala. Kwa kutumia OCO-2 na satelaiti ya Japani iitwayo GOSAT, walikadiria kwamba Afrika ya tropiki ilitoa, baada ya kuondoa ilichomeza, karibu tani bilioni 1.5 za kaboni mwaka 2015 na zaidi kidogo mwaka 2016. Bonde la Kongo lilionekana kumeza sana. Waliotoa walikuwa magharibi mwa Ethiopia na sehemu za Afrika ya Magharibi, ambako udongo una kaboni nyingi na matumizi ya ardhi yamebadilika sana. Tani bilioni 1.5 si mchezo: uchomaji wote wa mafuta, gesi na makaa ya mawe duniani hutoa karibu tani bilioni 10 za kaboni kwa mwaka.

Niiamini hesabu hiyo kwa kiasi gani? Naiamini nusu. Nafasi ya kukosea waliyoitaja wenyewe ni kubwa: kwa mwaka 2015, kati ya tani bilioni 0.8 na karibu bilioni 2. Satelaiti hizi hazioni kupitia mawingu, na Bonde la Kongo hufunikwa na mawingu sehemu kubwa ya mwaka. Moshi na vumbi la Sahara huzichanganya. Njia ya kuzihakiki ni kupima hewa kutoka ardhini, na kwetu vituo ni vya kuhesabu kwa vidole. Kipo kimoja Mlima Kenya, kwenye urefu wa karibu mita 3,700, cha Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, lakini rekodi yake ndefu ina mapengo. Bara lenye watu zaidi ya bilioni moja linapimwa na vituo vichache kuliko nchi moja ya Ulaya, halafu tunashangaa makadirio yanapotofautiana. Kwa sasa ninachoweza kusimama nacho ni hiki: misitu minene ya Kongo bado inameza, kingo za misitu na nyanda zilizogeuzwa mashamba zinatoa, na miaka ya joto kali hesabu nzima huelemea upande wa kutoa.

Kama unataka wanafunzi wajue cha kuwatia wasiwasi, wapeleke kwenye vinamasi vya katikati ya Bonde la Kongo, vilivyokaa pande zote mbili za mpaka wa Kongo ya Kinshasa na Kongo ya Brazzaville. Mwaka 2017 ilichapishwa ramani yao ya kwanza kamili: zaidi ya kilomita za mraba 145,000 za mboji iliyojikusanya kwa maelfu ya miaka, yenye karibu tani bilioni 30 za kaboni. Ni sawa na miaka mitatu ya uchomaji wa dunia nzima, imelala chini ya maji. Ikikauka, haitahitaji moto ili ianze kutoka.

Volkano nazimaliza haraka. Wanafunzi wako hawakukosea kwamba Bonde la Ufa linapumua. Kuzunguka Goma na Ziwa Kivu, hewa ukaa inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama kwenye mabonde usiku, na huua mbuzi, mbwa na wakati mwingine watu. Wakazi wa huko huiita mazuku, na aliye na ndugu Goma amwambie asishuke kwenye shimo alfajiri mpaka awasikilize wenyeji na wataalamu wa volkano walioko palepale. Hatari hiyo ni ya mahali. Kwenye hesabu ya dunia ni tone. Mwaka 2016 watafiti waliopima nyufa za ardhi kati ya Magadi na Natron, jirani na Ol Doinyo Lengai, walikadiria tani milioni 4 za hewa ukaa kwa mwaka, na walipotandaza makadirio hayo kwa Ufa wote wa mashariki wakapata kama milioni 71. Binadamu kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe anatoa zaidi ya tani bilioni 37 za hewa ukaa (ndizo zile karibu bilioni 10 za kaboni, ukijumlisha uzito wa oksijeni iliyoungana nayo). Volkano zote za dunia kwa pamoja hazifiki hata asilimia 1 ya hizo.

Sasa hoja ya mwanafunzi aliyesema tunasingiziwa: nani amepandisha? Kabla ya viwanda kiwango kilikuwa karibu 280. Keeling alipoanza, 1958, kilikuwa 315. Sasa kimepita 420. Hapa hatuhitaji satelaiti, tunahitaji hesabu ya kidato cha tatu. Kila 1 inayoongezeka kwenye kipimo hicho ni tani bilioni 7.8 za hewa ukaa. Tunachochoma, ukijumlisha na misitu tunayofyeka, kingetosha kuipandisha angani kwa zaidi ya 5 kila mwaka. Kinachoonekana kupanda ni karibu 2.5. Nusu imekwenda wapi? Imemezwa na bahari na mimea. Maana yake ni kwamba bahari na nchi kavu, zikijumlishwa, zinapunguza, haziongezi. Hakuna chanzo kilichofichika Afrika wala kwingineko kinachohitajika ili kueleza kupanda kwa dunia.

Na ushahidi una alama zake za vidole. Makaa ya mawe na mafuta ni ya zamani mno, hayana tena kaboni-14, ile aina ya kaboni inayotoweka kadiri miaka inavyopita, na sehemu ya kaboni hiyo angani imekuwa ikipungua kadiri kaboni yao ilivyoingia. Oksijeni nayo inapungua kwa kiasi kidogo kinachopimika, jambo linaloonyesha kitu kinachomwa. Volkano ingeleta hewa ukaa bila kula oksijeni. Afrika nzima inachangia takriban asilimia 4 ya hewa ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mtanzania wa kawaida hafikishi nusu tani kwa mwaka. Mmarekani anakaribia tani 14. Kwa hiyo kuhusu viwanda mwanafunzi yule yuko sahihi. Alipokosea ni kudhani kwamba ramani ile ilikuwa inasema kinyume.

Umeuliza pia kama hewa ukaa ya huko kwenu inapanda kuliko kwingine. Kwa mwaka baada ya mwaka, hapana. Mkoa wako unapanda pamoja na dunia, kwa mwendo uleule, kwa sababu ya ule mchanganyiko wa upepo. Ile 490 ya alfajiri ni ya uani kwako: usiku mimea na udongo vinapumua, hakuna usanisinuru, na hewa ya baridi iliyotulia hubana kila kitu karibu na ardhi. Jua likipanda hewa inakoroga, namba inashuka hadi 425. Ni kipimo kizuri sana hicho, kinanipa imani kwamba kifaa chako kinafanya kazi. Hakikisha tu kimeandikwa kwamba kinatumia mwanga wa infraredi. Vile vya bei ya chini kabisa havipimi hewa ukaa yenyewe, vinakisia kutokana na gesi nyingine, na ukipuliza marashi karibu navyo vitapiga kelele. Kiache nje mahali penye upepo mara moja kwa wiki, maana vingi hujirekebisha vyenyewe kwa kudhani kwamba kiwango cha chini kabisa vilichokiona ni hewa safi ya nje. Kikikaa darasani mwezi mzima kitaanza kudanganya.

Na 1,500 ya darasani ni pumzi za watoto 60. Haidhuru, ila inachosha, na inakuambia kwamba mafua ya mmoja yatawafikia wote. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana.

Jambo moja hukuuliza, nalitaja kwa kuwa vipimo hivi vimeanza kuonekana kwenye mikutano ya vijiji. Mtu akija na kifaa kama chako, au na ramani kama hiyo, akasema inathibitisha thamani ya msitu wa kijiji kwa biashara ya kaboni, haithibitishi. Kaboni ya msitu hupimwa kwa kupima miti na udongo. Tanzania ina kanuni za biashara hiyo tangu 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Halmashauri ya kijiji iende huko, au imtafute mwanasheria, kabla ya kusaini chochote.

Kwa kipindi chako kijacho, nisingeanza na ramani. Wapeni wanafunzi zamu ya kusoma kipimo saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana kwa wiki mbili, mahali palepale uani, wakiandika kama kulikuwa na upepo au mawingu. Wakishachora grafu yao, wawekee ramani mbili mezani, ya Oktoba na ya Mei, na uzibe rangi kwa karatasi ili wasome kwanza namba za ule mstari wa chini.